Uso wa Mama Yako

Kitendaguro, Bukoba
4 Februari 2024

Bi Vestina,

Usishtuke ukiuona mwandiko huu. Ni mimi, Anatory, mtoto wa pili wa marehemu Kagaruki wa Kamachumu, kibanja kilichopakana na cha baba yako. Najua mlisikia nimekufa Zambia, na kwamba hata matanga yalikaliwa. Sikufa. Nilikuwa Kitwe, karani katika ofisi ya mgodi, na ili nipate ile kazi mwaka 1977 nilichukua jina la mtu wa huko. Miaka arobaini na saba nimeitwa Anthony Banda. Mke niliyemwoa huko amefariki, mtoto hatukupata. Nimerudi kwetu na pasi ya Zambia na ruhusa ya miezi mitatu, kama mtalii.

Nilikwenda Kamachumu. Anayekaa kwenye kibanja ni Rwekaza, mtoto wa kaka yangu, ambaye niliondoka hajazaliwa. Sebuleni ametundika picha yangu, ile niliyopiga studio ya mjini mwaka 1975 nikiwa na tai ya kuazima. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo ni mimi." Akaishusha, akaiweka karibu na shavu langu, akatazama huku, akatazama kule, akamwita mkewe: "Njoo uone, mzee huyu anasema ndiye baba mdogo!" Mkewe alicheka mpaka akashika mlango. "Waitu, marehemu alikuwa mzuri," akasema. "Babu huyu hata arudishiwe miaka arobaini hafiki hapo." Vyeti vyangu vyote vinasema Banda. Inaelekea na uso wangu unasema Banda.

Sitaki kibanja. Nataka kuzikwa kwenye mstari wa makaburi yetu, kando ya mama, upande wa mpaka wenu. Nina moyo ambao daktari wa Kitwe aliusikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Rwekaza ametamka mbele ya wazee: nilete mtu mmoja asiye wa ukoo, aliyenijua kabla sijaondoka, aseme ni mimi, naye ataniita baba na kunipa nafasi hiyo. Kikao cha ukoo ni Jumamosi tarehe 16 Machi. Nimeuliza rika letu jina kwa jina, na kila jina nilionyeshwa kaburi. Ile miaka ya ukimwi ilitufyeka. Wewe uliiona, mimi niliisikia. Umebaki wewe. Rwekaza mwenyewe alisema, "Bi Vestina wa Maruku hasemi uongo. Akisema ndiye, ndiye."

Mtu hausahau uso alioupenda. Wako ningeutambua katikati ya watu wote wanaotoka misa ya Pasaka. Naamini na wewe utautambua wangu.

Barua hii inaletwa na Muhidini, mwenye nyumba niliyopanga, ambaye kila Jumatano huuza dagaa huko kwenu. Mpe jibu.

Anatory


Maruku
13 Februari 2024

Ndugu Anatory,

Barua nimeipata. Simu usinipigie, hata kama Muhidini ana namba. Masikio yangu yamechoka, na siku hizi napenda maneno ninayoweza kuyarudia.

Niliolewa hapa Maruku mwaka 1978. Mume wangu alifariki. Nimebaki na mibuni, migomba, na binti mmoja, Benigna, muuguzi Mwanza.

Unaniambia aliyeupenda uso hausahau. Mimi nina barua yako nyingine, ya Agosti 1976, uliyoiacha kwa katekista siku sita baada ya watu wenu kuleta rubisi ya posa kwetu. Haikukufuata Zambia, kwa hiyo nitakunukulia: "Juzi mama yako alipotoka jikoni kutupokea nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mashavu yameanguka, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na macho ni yako. Nimeuona uso utakaolala nao kwenye mto wangu miaka ishirini ijayo. Vestina, siwezi." Pombe ilikuwa imeshanywewa. Mama alisomewa barua hiyo na baba, kwa sababu yeye hakujua kusoma. Tangu siku hiyo hakukaa tena mahali penye wageni. Alikuwa na miaka arobaini na mitano.

Usinijibu kuhusu hilo. Nimekueleza ili ujue nilikotoka.

Kuhusu ombi lako: siwezi kusema mbele ya ukoo wa watu kwamba namjua mtu nisiyemwona. Njoo Jumamosi tarehe 24. Nitakuwapo mchana kutwa. Nikikuona ni wewe, nitakwenda Kamachumu.

Vestina


Kitendaguro
19 Februari 2024

Vestina,

Ulisema nisijibu, nami nitajibu kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa mjinga wa kusema ukweli. Ningekuwa mjinga wa kawaida ningekimbia bila kuandika. Mama yako hakustahili kusomewa.

Lakini tukubaliane kama wazee: mambo haya hayakugawanywa kwa haki. Mwanamume akizeeka hukauka tu, mistari ikazama, sauti ikashuka, na watu wakampisha kiti. Mwanamke huonewa. Hilo sikulitunga mimi. Kitwe nimeona wanawake waliosimamisha barabara, na baada ya watoto wanne hakuna aliyegeuka kuwatazama, wala waume zao. Wewe, hata hivyo, ulikuwa na mifupa mizuri ya uso. Mifupa haizeeki.

Jumamosi nitakuja na Muhidini. Nimepaka nywele rangi, nakuambia mapema usije ukacheka. Na wasiponiamini kwa uso, una jambo lingine unaloweza kulisema: kovu la panga juu ya goti langu la kushoto, lile ulilolifunga kwa kitambaa chako cha kichwa tulipokuwa wawili tu kwenye mibuni. Najua ni jambo la aibu kidogo kwa mjane anayeheshimika, lakini kwa umri wetu nani atajali?

Anatory


Kitendaguro
26 Februari 2024

Vestina,

Nilikuja na sikukukuta. Sikulaumu, labda uliitwa msibani. Lakini nimekutana na mtu ambaye sikutegemea kumkuta hai, na tangu juzi sijatulia.

Mama yako! Kwa nini hukuniambia yupo, na kwamba umemchukua kwako? Lazima anakaribia mia. Alikuwa ameketi kibarazani akichambua maharage, nikamjua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Uso ni uleule wa 1976, ila sasa umekamilisha safari yake. Ngozi ya kope imefunika jicho moja nusu. Mdomo umeingia ndani kama mfuko uliovutwa kamba. Kidevuni ana nywele tatu nyeupe, nilizihesabu, maana alinitazama kwa muda mrefu nami sikuwa na pengine pa kuangalia. Nilimpigia shikamoo, akaitikia.

Nikamuuliza, "Mama, Vestina yupo?"

Akasema, "Unamtafuta Vestina yupi?"

"Binti yako, mama. Mwambie ni Anatory."

Akaendelea kuchambua maharage. Nilidhani hasikii, nikarudia kwa sauti ya juu. Hatimaye akasema, "Yule hayupo. Aliondoka zamani." Muhidini akanong'ona kwamba wazee wa umri huo huchanganya siku.

Aliingia ndani akanitolea kahawa ya kutafuna, akamwani, kwenye kile kikapu kidogo cha wageni. Akachukua tunda moja, akalipasua kwa ukucha, punje moja akaitia mdomoni mwake, ya pili akanipa kiganjani. Sijui ilikuwa desturi gani. Mimi meno yangu ni ya kuvaa na sikuthubutu kuitafuna, pia kusema kweli ukucha wake haukuwa safi. Niliifunga kwenye leso na kuitupa njiani.

Nimekuambia haya yote kwa sababu moja. Sebuleni, mlango ulipokuwa wazi, niliiona picha yako ukutani, ile ya gauni la kijani. Vestina, hujabadilika. Nilimwangalia mama yako, nikaiangalia picha, nikaona kwamba nilikosea mwaka 1976. Ule uso hukuurithi. Nimejilaumu njia nzima hadi Bukoba.

Tafadhali njoo Kamachumu tarehe 16. Nisalimie mama.

Anatory


Maruku
28 Februari 2024

Mwanangu Benigna,

Natumaini hamjambo huko Mwanza. Mimi mgongo tu. Nakutumia pamoja na barua hii barua nne: ya mwaka 1976 uliyowahi kuiona kwenye kopo la vyeti, na tatu za mwaka huu. Zisome kwa kufuata tarehe, kisha uendelee hapa.

Umeshazisoma. Basi ujue kwamba Jumamosi ile sikutoka nyumbani. Nilioga asubuhi, nikavaa kitenge ulichonipa Krismasi, nikaona haya kukaa bila kazi kama mwari, nikavaa cha zamani na kuchukua maharage. Pikipiki iliposimama nilimjua kabla hajavua kofia. Anatupa mguu wa kushoto nje kidogo, tangu lile kovu. Nywele zilikuwa nyeusi kama kiwi ya viatu, na jasho lilikuwa limeteremsha rangi mpaka kwenye kola. Tumbo mbele, makalio hakuna. Meno yanapiga mluzi akitamka herufi S. Nilimwona hivyo, mwanangu, na moyo wangu ulinienda mbio vilevile, nisikufiche.

Akaja akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo mama." Ananizidi miaka mitatu.

Sikumjibu kwa hasira. Nilifikiri jua linampiga machoni. Nikampa nafasi. Mwaka 1975, kwenye mibuni ya baba, tulipasua tunda moja la kahawa mimi na yeye, kila mmoja akatafuna punje yake, jinsi wazee walivyofanya walipokuwa wanaungana udugu usiovunjika. Hiyo ndiyo niliyoifanya tena mbele yake. Nilijiambia: akiitia mdomoni tu, hata kama hajanitambua, nitamwambia, "Anatory, ni mimi," tucheke, nimlishe ndizi, na tarehe 16 niende kumsemea. Umesoma alichoifanyia.

Na picha aliyoisifu ni yako, siku ya mahafali.

Alipoondoka nilikwenda kwenye kioo cha kabati. Kwa miaka mingi nakitumia kuona kama kitambaa kimekaa sawa, basi. Safari hii nilitazama. Ni mama. Jicho, shingo, hata zile nywele. Mama alikufa akiwa na miaka sitini na mitatu na mimi nimempita, yaani nimekuwa mama ambaye hata yeye hakufika kuwa. Yule kijana wa 1976 aliona sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mengine: hakukosea.

Na wewe, mwanangu, una macho hayohayo. Jiandae.

Mama yako,
Vestina


Mwanza
5 Machi 2024

Shikamoo mama,

Nimesoma zote mara mbili, ya tatu nikashindwa. Kisha nikaenda kwenye kioo cha wodini, nikajikuta nimeshaanza. Muuguzi mwenzangu ananiuliza, "Unatafuta nini humo?" Nikamwambia, "Bibi yangu." Tulicheka. Nikarudi nyumbani sikucheka.

Mama, najua unachokifikiria, nakujua. Usikifanye. Yule mzee ni mpumbavu na mwenye dharau, lakini anaomba futi sita za udongo. Mimi kazini nawaona wanaokufa bila mtu wa kuwaita kwa jina lao. Ni jambo baya, mama, baya kuliko uso. Tena ni Kwaresima. Mwambie usoni kwamba ni wewe, mwaibishe mbele ya Muhidini, mtukane kwa Kihaya chote unachokijua, halafu nenda ukaseme ni yeye. Utakuwa umemshinda.

Nakuomba, bojo.

Binti yako,
Benigna


Maruku
12 Machi 2024

Ndugu Anatory,

Samahani kwa usumbufu wa Jumamosi ile. Salamu zako nimezipokea.

Nitakuja Kamachumu tarehe 16. Wakiniuliza kama namjua mtu huyo, nitapima kwa kipimo chako mwenyewe: kwamba aliyeupenda uso hausahau. Vaa suruali ambayo inapandishika, kwa ajili ya lile kovu.

Vestina


Kamachumu, Muleba
18 Machi 2024

Bibi yetu mheshimiwa Vestina,

Shikamoo. Nakushukuru kwa kuja na hali yako ya mgongo. Mkungu unaofika na barua hii ni wa kibanja chenyewe, upokee kwa moyo mmoja.

Wazee wote wamesifu jinsi ulivyosimama. Ulimzunguka yule mtu polepole, ukamwangalia mbele na nyuma. Halafu ukasema, "Anatory niliyemjua mimi angenijua. Huyu simjui." Aliposhika suruali kuonyesha goti, mzee mmoja akamwambia, "Funika, mzee mwenzangu, hapa kila aliyelima ana kovu," wakacheka. Na wewe ulipoulizwa kuhusu hilo kovu ukasema mwanamke wa heshima angelijuaje goti la mwanamume. Pale kesi ikaisha.

Nikuambie jambo kama mama yangu. Alipokuwa anaondoka alikohoa kule kwenye njia ya mibuni, na nilidhani ni marehemu baba. Lakini wewe ulikuwa umeshasema, na neno lako linatosha. Picha nimeirudisha ukutani.

Mwanao,
Rwekaza


Kitendaguro
19 Machi 2024

Vestina,

Walipoita jina lako nilitazama mlangoni. Nilimtafuta mwanamke wa gauni la kijani. Akasimama mama yako. Nikaona wamekosea, nikataka hata kusema, "Huyu siye." Nikasikia watu wanakusalimu kwa jina, nikakumbuka kikapu cha kahawa. Ulipokuwa unanizunguka nilikuwa nafikiria barua ya tarehe 26, sentensi kwa sentensi. Zile nywele tatu.

Sikuombi ubadilishe neno. Aliyesema mbele ya ukoo hawezi kurudi nalo, najua. Hata nikifukua kila mtu aliyenijua hakuna atakayesikilizwa baada yako. Jumamosi Kuu napanda basi. Nitazikwa Kitwe, na kwenye msalaba wataandika Banda, na hakuna atakayekuwa amekosea.

Nimerudi njia ya Maruku na Muhidini, Jumapili baada ya misa. Nilimwambia asimame pale nilipoitupa ile punje. Tulitafuta kwenye majani, wazee wawili wameinama, watu wanapita wanatuuliza tumepoteza nini. Sasa nimekumbuka ilikuwa desturi gani.

Niambie kitu kimoja tu. Pale kikaoni, uliposema hunijui, ulikuwa unasema kweli? Je, nimebadilika kiasi hicho? Nikijua kwamba hukunitambua kweli nitaondoka na amani.

Anatory


Maruku
26 Machi 2024

Anatory,

Narudisha barua yako ya 1976. Nimeitunza vya kutosha.

Amani unayoiomba sina. Nilikujua. Nilikujua Jumamosi ile ukiwa bado kwenye pikipiki, umevaa kofia, umenipa mgongo. Ningekujua gizani. Ningekujua kwa jinsi unavyofuta paji la uso kwa nyuma ya mkono, na kwa sikio la kulia lililokunjika juu, ambalo hata mkeo wa Kitwe labda hakuliona. Mengine yote yamekwenda, ni kweli: kifua kimeshukia tumboni, midomo imekuwa kama ya mtu anayenusa kitu, na shingo, Anatory, shingo ni ya yule kuku. Kama kuna aliyekudanganya kwamba wanaume hukauka tu, hakukupenda. Lakini chini ya hayo yote ulikuwa wewe, wala sikuhitaji kukutafuta. Nilichofanya kikaoni nilikifanya nikiwa na akili zangu. Padri nitamwambia mwenyewe kabla ya Pasaka, na atakachonipa nitakipokea.

Benigna aliniomba nikuachie udongo. Tangu tarehe 16 hajaniandikia.

Ulinitumia salamu za mama. Mama alifariki mwaka 1994. Kaka yangu alimzika nyumbani Kamachumu, mpakani, na jina lake na miaka yake vimechongwa kwenye saruji, ungeona kama Rwekaza angekuruhusu kupita zaidi ya uani. Kati ya kaburi lake na la mama yako pana nafasi ya mtu mmoja. Ndiyo hiyo uliyokuwa unaiomba. Nilisimama pale kabla ya kikao, nikapima kwa miguu yangu. Ungelala umemgeukia, uso kwa uso, mpaka siku ya mwisho.

Alikaa jikoni miaka kumi na minane kwa ajili yako. Sikuona sababu ya kumpelekea mgeni.

Vestina